BIBI TITI MOHAMED: MAMA ALIYEACHA CHEO



Ndugu msomaji, mwezi huu tukishamaliza tarawehe, barazani kwetu Kinakomba mazungumzo ni yale yale: mheshimiwa kasema nini Bungeni, na mbona kuhusu jambo fulani kanyamaza? Basi leo keti kidogo nikusimulie maisha ya mama mmoja wa Kiislamu wa nchi jirani ya Tanzania, aliyekuwa mbunge. Jina lake pengine umelisikia. Lakini je, wajua yaliyomkuta?

Huyo ni Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule hakusoma sana. Mjini alijulikana kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha akina mama kilichoitwa Bomba.

Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954, aliingia mapema. Mwaka uliofuata akakabidhiwa uongozi wa akina mama. Sasa fikiria wewe kijana: hana cheti kikubwa, hana mali, atawapataje watu? Alipita katika vikundi vya ngoma, kwani huko ndiko wanawake walikokuwa wakikutana. Haukupita muda, maelfu ya akina mama wakawa na kadi za chama. Usidharau basi kile kidogo ulichopewa na Mola wako.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 akawa mbunge na waziri mdogo, na pia kiongozi wa kwanza wa umoja wa wanawake, UWT. Katika uchaguzi wa 1965 wapiga kura wa Rufiji wakamnyima kiti, lakini katika vikao vya juu vya chama alibaki.

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Rais Nyerere alitaka viongozi wasinenepe kwa jasho la wengine, na hoja hiyo ina uzito. Lakini Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, na kwa mtu asiye na elimu kubwa, kodi ndiyo tegemeo la uzeeni. Alipinga sharti hilo waziwazi, kisha akajiuzulu.

Huenda wewe msomaji waona alikosea. Sawa, hilo tujadiliane. Ila tazama alivyofanya. Angeweza kupiga makofi mkutanoni kisha nyumba akaziandikisha kwa jina la mtoto wa dada. Yeye alisema analoliamini, na gharama akailipa mwenyewe.

Na mitihani haikuishia hapo. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wenzake, akiwemo aliyekuwa waziri Michael Kamaliza, kwa shitaka la kutaka kuipindua serikali. Alikana. Kesi ikasikilizwa mwaka 1970, naye akahukumiwa kifungo cha maisha. Akiwa gerezani, mumewe alimpa talaka, na wengi waliokuwa wakijaa sebuleni kwake wakamkimbia. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe akatoka, akaishi kimya kimya miaka mingi. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, ndipo jina lake likaanza tena kutajwa kwa heshima. Alifariki Johannesburg, Afrika Kusini, tarehe 5 Novemba 2000. Leo ukienda Dar es Salaam utapita barabara kubwa yenye jina lake.

Basi ndugu yangu, usiku wa leo mkikaa barazani kumhukumu mheshimiwa, jiulize na wewe: lipi naliamini kiasi cha kuacha cheo kwa ajili yake? Na rafiki yangu akianguka, nitamtembelea, au nitapita njia nyingine?

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi, na atupe viongozi wakweli, nasi atujaalie tuwe wakweli. Amin. Ramadhan Karim.