CHARLES DARWIN NA MDUDU AMLAYE PAPA

Ukilitaja jina la Charles Darwin darasani utasikia vicheko kutoka nyuma, na jamaa mmoja ataanza kuigiza nyani. Hayo tuyaache. Leo twazungumzia miaka 8 ya maisha yake ambayo wengi huiruka, miaka aliyoitumia kuchungua vidudu ambavyo hata mvuvi hana haja navyo.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 mjini Shrewsbury, Uingereza. Babake, daktari mwenye mali, alimpeleka Edinburgh asomee udaktari. Siku hizo hakukuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa. Kijana alipoona mtoto akipasuliwa hivyo hivyo, alitoka mbio asirudi tena. Akahamishiwa Cambridge ili awe kasisi, na huko nako akapenda kukusanya mbawakawa kuliko kusoma. Mwishoni mwa 1831 akaabiri meli iitwayo Beagle, akaizunguka dunia kwa karibu miaka 5.

Januari 1835, katika visiwa vya Chonos nchini Chile, aliokota kombe la konokono wa baharini lililojaa vitundu. Ndani ya vitundu mlikuwa na vidudu vidogo kama kichwa cha pini. Ajabu ni kwamba walikuwa banakeli, lakini banakeli wasio na ganda!

Banakeli ni nani? Maji yakipwa kule Mombasa au Lamu, utaona vijumba vyeupe vyenye makali vimeganda miambani na chini ya mashua. Ukivikanyaga pekupeku utajua. Wengi hudhani ni ndugu wa chaza. La hasha! Ni ndugu wa kaa na kamba, jambo ambalo John Vaughan Thompson alilionyesha mnamo 1830 baada ya kuwatazama wakikua. Wakiwa wachanga huogelea huku na huko, kisha hujigandisha kichwa chini, wakajijengea nyumba, na tangu hapo huzoa chakula kwa miguu yao yenye nywele.

Oktoba 1846 Darwin alianza kumchambua yule wa Chile, akidhani ni kazi ya miezi michache tu. Kumbe! Kumwelewa mmoja kulidai awajue wenzake wote. Tena alikuwa na siri. Mnamo 1844 alikuwa ameandika kwamba aina za viumbe hubadilika, akayafungia maandishi hayo na kumwachia mkewe, Emma, maagizo ya kuyachapisha endapo angekufa. Alijua atapingwa. Nani angemsikiliza mtu ambaye hajachambua hata jamii moja ya wanyama kikamilifu?

Basi vifurushi vikamiminika nyumbani kwake Downe kutoka pembe zote za dunia. Katika aina moja, Ibla, aliona vijidudu vimemng'ang'ania jike, akavidhani ni vimelea. Alipovitia chini ya hadubini, lo! Walikuwa waume zake.

Lakini wa kushangaza zaidi aliishi juu ya papa mdogo mweusi wa bahari za kaskazini. Huyu hana ganda. Shina lake limezama katika ngozi ya papa na kuota vijinyuzi kama mizizi, na miguu yake haina nywele za kuzolea chakula. Darwin alimpa jina la Anelasma.

Usidhani alikuwa akistarehe. Tumbo lilimsumbua, akitapika siku baada ya siku, na mara nyingi aliweza kufanya kazi saa chache tu. Aprili 1851 bintiye Annie, mwenye umri wa miaka 10, alifariki mjini Malvern babake akiwa kando yake. Emma alikuwa mjamzito, hakuweza kusafiri. Darwin alirudi nyumbani kwenye hadubini yake. Watoto waliobaki walizoea kazi hiyo hata mmoja, inasemekana, aliuliza jirani yao huwafanyia wapi banakeli wake, kana kwamba kila baba ana wake!

Mwaka wa 1853 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimpa nishani, na 1854 akamaliza vitabu vyake vinne. Sasa hakuna aliyeweza kumwita mbabaishaji. Alipochapisha kitabu cha asili ya viumbe mnamo Novemba 1859, banakeli walikuwamo: alieleza kuwa akiishi amehifadhiwa ndani ya mwenzake, banakeli hupoteza ganda lake.

Darwin alifariki tarehe 19 Aprili 1882, akazikwa Westminster Abbey. Yule wa papa hakusahaulika. Mnamo 2014 wataalamu walitangaza kwamba wamechunguza jeni zake, wakakuta jamaa zake wa karibu ni banakeli wa kawaida wa miambani, wanaochuja maji kwa miguu. Yeye bado anayo miguu yote, jozi 6, lakini haimlishi. Chakula chake anakifyonza kwa ile mizizi, kutoka katika nyama ya papa.