Mwami Rudahigwa: Mfalme aliyeitafutia Rwanda sauti ng'ambo

Novemba 1931, mjini Nyanza, kijana wa miaka 20 hivi alitangazwa kuwa mfalme wa Rwanda mbele ya machifu, mapadri na maofisa wa Kibelgiji. Ilikuwa tarehe 16. Siku chache tu kabla ya hapo baba yake, Yuhi wa Tano Musinga, alikuwa amevuliwa ufalme na Gavana Charles Voisin na kuondolewa Nyanza kwenda kuishi Kamembe, kusini mwa Ziwa Kivu. Kosa la Musinga lilijulikana na wote. Alikataa kubatizwa, na alikataa kuwa karani wa wageni katika nchi ya babu zake.

Kijana huyo ni Rudahigwa. Alipewa jina la kifalme la Mutara, naye akawa Mutara wa Tatu. Kwa mpangilio wa majina ya wafalme wa Rwanda, baada ya Yuhi ilikuwa zamu ya Mutara au Cyirima, kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni mkono uliolitoa. Kwa karne nyingi waliojua siri za kumsimika mfalme walikuwa abiru, watunza mila wa ikulu, na safari hii hawakuulizwa. Jina lilitoka kwa gavana na kwa Askofu Léon Classe wa Kabgayi, aliyekuwa amewashauri Wabelgiji kwa muda mrefu wamwondoe baba na kumweka mwana.

Watu wa vijijini wakampa Mwami mpya jina la utani la kuonyesha kuwa ni mfalme wa wazungu. Halikuwa tusi la bure. Rudahigwa alisoma katika shule ya watoto wa machifu ya Nyanza, akaandika na kuzungumza Kifaransa, na mwaka 1929 akawa chifu wa Marangara, jirani na Kabgayi, mbele ya macho ya wamisionari. Alivaa suti, akaendesha gari mwenyewe. Urefu wake wa kukaribia mita mbili ulimfanya aonekane juu ya vichwa vya wote katika kila picha ya miaka ile. Wabelgiji waliamini wamepata mtu wao.

Kwa miaka zaidi ya kumi hawakuwa na sababu ya kujuta. Katika miaka hiyo ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliipanga upya nchi: machifu wengi wa zamani waliondolewa, nafasi zikawekwa mikononi mwa Watutsi peke yao, na kila mtu mzima akapewa kitambulisho chenye neno la Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kazi za lazima za barabara, mashamba ya kahawa na matuta ya kuzuia mmomonyoko zilisimamiwa na machifu hao hao, kiboko mkononi. Maelfu ya wanaume walivuka mpaka kwenda Uganda kufanya kibarua katika mashamba ya Buganda, wengine kwa kutafuta fedha ya kodi, wengine kwa kukimbia kiboko chenyewe. Haya yote yalifanyika chini ya jina la Mwami. Hakuyabuni, lakini hakuna kumbukumbu ya upinzani wake katika miaka hiyo, na kumsimulia bila kulitaja hilo ni kumpamba marehemu.

Tarehe 17 Oktoba 1943 alibatizwa, pamoja na mama yake, Kankazi, ambaye sasa aliitwa Radegonde. Mwami akaitwa Charles Léon Pierre. Léon ni jina la askofu. Pierre ni jina la baba yake wa ubatizo, Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo ya Kibelgiji. Tayari alikuwa ameachana na mke wa kwanza, Nyiramakomali, ambaye hakupata naye mtoto, na Januari 1942 alikuwa amefunga ndoa na Rosalie Gicanda. Nao hawakujaliwa mtoto. Jambo hilo la nyumbani lilikuja kuwa jambo la taifa baadaye.

Ubatizo ule ulitokea wakati mbaya kabisa. Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, makoloni yakidaiwa chakula na nguvu kazi kwa ajili ya vita, na mvua zikakatika. Njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944 iliua watu wengi mno na kuwafukuza wengine wengi kwenda Uganda na Kongo. Mwezi Desemba 1944 Musinga alifariki uhamishoni Moba, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, alikokuwa amehamishiwa mwaka 1940. Mwana alikuwa Mkatoliki aliyepongezwa. Baba alikufa bila kubatizwa, mbali na nchi yake. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1946, Mwami aliikabidhi Rwanda kwa Kristo Mfalme katika ibada kubwa pale Nyanza, na Papa Pius wa Kumi na Mbili akamtunukia nishani.

Ni hapo ambapo wengi wangemaliza habari zake na kumwita kibaraka. Lakini mwisho wa mwaka huo huo wa 1946 kulitokea jambo ambalo Mwami alilielewa haraka kuliko maofisa waliokuwa wakimlinda. Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuiweka Ruanda-Urundi chini ya udhamini wake. Ubelgiji iliendelea kutawala, ila sasa ilitakiwa kutoa hesabu New York kila mwaka, mbele ya Baraza la Udhamini. Ujumbe wa wakaguzi ungekuja kila baada ya miaka mitatu, kuangalia na kuuliza, na mwananchi yeyote aliruhusiwa kuandika malalamiko yake moja kwa moja. Kongo, jirani aliyetawaliwa na bwana yule yule, hakuwa na mlango huo.

Dunia nayo ilikuwa inageuka. Ufilipino ilipata uhuru mwaka 1946, India mwaka uliofuata, na nchi za namna hiyo zilipokaa katika vikao vya New York zilikuwa na maswali ambayo wakoloni hawakuzoea kuulizwa. Ujumbe wa kwanza ulifika Rwanda mwaka 1948. Wakaguzi hawakupendezwa na adhabu ya viboko wala na kasi ya kusomesha watu, na wakayasema hayo katika ripoti. Kwa mara ya kwanza afisa wa Kibelgiji aliyekuwa na neno la mwisho juu ya Nyanza alikuwa na mtu wa kumwogopa.

Mwaka 1949 Mwami alisafiri hadi Ubelgiji. Aliporudi hakuwa tena yule kijana wa 1931. Mwaka huo huo uburetwa, kazi ya bure ambayo mkulima alimfanyia chifu, ilikomeshwa na nafasi yake kuchukuliwa na malipo ya fedha. Kuanzia hapo Rudahigwa alijenga tabia ya kuipita ofisi ya mkoloni aliye karibu na kuongea na wakubwa wake: Brussels, Roma, na ujumbe wa New York kila ulipopita. Mfalme Baudouin alipoitembelea nchi mwaka 1955, Mwami alimpokea kama mfalme anavyompokea mfalme mwenzake. Maofisa wa Usumbura, makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi na Bujumbura ya leo, hawakuipenda tabia hiyo hata kidogo.

Alichokitaka zaidi ni elimu. Alianzisha Mfuko wa Mutara wa kusaidia wanafunzi, na akasukuma Wanyarwanda wapelekwe vyuoni Kongo na Ubelgiji. Wakati huo shule karibu zote zilikuwa za misheni na njia ndefu kuliko zote ya masomo ilikuwa seminari. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nchi isiyo na wanasheria, waganga na wahandisi wake haiwezi kuomba kujitawala ikasikilizwa.

Uamuzi wake mkubwa kuliko yote ulikuwa wa nyumbani. Tarehe 1 Aprili 1954 alifuta ubuhake. Huu ulikuwa mkataba wa zamani ambao mtu asiye na ng'ombe alipewa na mwenye navyo haki ya kufuga na kunywa maziwa, naye akalipa kwa utumishi wa miaka mingi, mara nyingi yeye na watoto wake. Sasa ng'ombe waligawanywa na mtumishi akapata wake. Kwenye karatasi watu wengi wakawa huru kwa siku moja. Milimani ilikuwa tofauti. Ng'ombe hula majani, na malisho, yaani ibikingi, yalibaki mikononi mwa wale wale. Aliyepata ng'ombe bila malisho aligundua upesi kuwa bado anahitaji kumwomba tajiri wake wa jana. Wapo walioona kuwa Mwami alivunja mnyororo mmoja akauacha wa pili, na hawakukosea.

Chaguzi za mabaraza za 1953 na 1956 ziliwaamsha wasomi wapya, wengi wao Wahutu waliopita seminarini kisha wakakosa nafasi serikalini. Mwaka 1957 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipokaribia kufika tena, Rwanda iliandaa karatasi mbili za kuupokea. Ya kwanza, ya Februari, ilitoka katika Baraza Kuu la Nchi lililoongozwa na Mwami. Ilidai watu waandaliwe haraka ili nchi ijitawale. Ya pili, ya tarehe 24 Machi, ilitiwa saini na wasomi tisa, Grégoire Kayibanda akiwa miongoni mwao, na baadaye ikaitwa Ilani ya Bahutu. Hiyo ilisema kwamba kabla ya mkoloni kuondoka, kwanza uvunjwe ukiritimba wa Watutsi katika madaraka, ardhi na shule. Karatasi mbili, nchi moja, mlango mmoja wa New York. Mwami hakuwa tena msemaji pekee wa Rwanda mbele ya dunia.

Namna alivyolijibu jambo hilo ndiyo sehemu ya maisha yake inayobishaniwa hadi leo. Aliunda kamati ya kulichunguza, yenye Wahutu na Watutsi. Juni 1958, Baraza lilipomaliza kikao chake, msimamo ulitoka kwamba hakuna tatizo la Wahutu na Watutsi nchini, na kwamba maneno hayo yafutwe katika hati zote za serikali. Wanaomtetea husema aliona mbali: mkoloni ndiye aliyegandisha majina hayo kwenye vitambulisho, na kuyafuta kungemnyang'anya silaha. Ni kweli kwamba utawala ulikataa kuyafuta, na kabla mwaka haujaisha Jean-Paul Harroy, mkuu wa Wabelgiji Ruanda-Urundi, alitangaza hadharani kuwa tatizo lipo. Lakini mkulima asiye na malisho hakuulizia jina lake kwenye kitambulisho. Aliulizia malisho. Kufuta neno bila kugusa ardhi na nafasi za uchifu kulikuwa jibu fupi mno kwa swali refu, na Februari 1959 Askofu André Perraudin wa Kabgayi alipotoa waraka wake wa Kwaresima uliogusia tofauti hizo, ilidhihirika kuwa Kanisa lililomsimika Mwami nalo limehama upande.

Mwaka 1959 ulianza na ghasia za Léopoldville, Januari. Jirani mashariki, Tanganyika, chama cha TANU kilikuwa kinashinda uchaguzi. Aprili, kamati ya Wabelgiji ilifika kuchunguza mustakabali wa Ruanda-Urundi. Mwami alitaka uhuru upewe tarehe, na ilisemwa sana kwamba alikuwa akijiandaa kwenda New York kuusemea mwenyewe.

Hakufika. Jumamosi ya tarehe 25 Julai 1959 alikuwa Usumbura. Alikwenda kwa daktari, akachomwa sindano, akaanguka na kufariki. Taarifa rasmi ilitaja kuvuja damu kwenye ubongo. Mwili haukufanyiwa uchunguzi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha wala kukanusha habari iliyoenea milimani usiku ule ule, kwamba Mwami ameuawa. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Mazishi yalifanyika Mwima, kilima kilicho karibu na Nyanza, tarehe 28 Julai. Harroy alikuwapo. Marehemu hakuacha mtoto, na Wabelgiji walidhani wana muda wa kufikiria mrithi. Kaburi likiwa bado wazi, abiru walijitokeza mbele ya umati na kumtaja mfalme mpya: Jean-Baptiste Ndahindurwa, ndugu wa marehemu kwa baba, ambaye angeitwa Kigeri wa Tano. Harroy, amezungukwa na watu wenye huzuni na hasira, hakuwa na la kufanya ila kukubali. Watu wale ambao hawakuulizwa mwaka 1931 safari hii hawakumuuliza mtu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Septemba 13 chama cha UNAR, kilichojitangaza kuwa cha mfalme na uhuru, kilifanya mkutano mkubwa Kigali. Novemba vurugu zilianzia Gitarama zikaenea nchini, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na maelfu ya Watutsi wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Januari 1961 ufalme ulitangazwa kufutwa huko Gitarama, na Septemba kura ya maoni ikaliidhinisha hilo. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, bila mfalme.

Leo Rwanda humhesabu Rudahigwa katika daraja la Imena la mashujaa wa taifa, ambao hukumbukwa kila tarehe 1 Februari. Jumba alilokuwa akijengewa pale Rwesero, juu ya kilima cha Nyanza, hakuwahi kuishi ndani yake.

Malkia Rosalie Gicanda hakukimbia nchi. Alihamia Butare na kuishi maisha ya utulivu kwa zaidi ya miaka 30, hadi askari walipomchukua nyumbani kwake tarehe 20 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kumuua. Alikuwa ajuza. Sasa amelala Mwima, karibu na mumewe. Mwaka 2017 aliletwa hapo pia Kigeri wa Tano, aliyefariki Marekani baada ya uhamisho wa zaidi ya nusu karne.