George Washington Carver, Mwalimu wa Wakulima

Zamani za utumwa, katika jimbo la Missouri, nchi ya Marekani, palikuwa na shamba la mtu mmoja jina lake Moses Carver, karibu na mji mdogo wa Diamond. Hapo, yapata mwaka 1864, alizaliwa mtoto mtumwa, akaitwa George. Alipokuwa angali mchanga, wanyang'anyi walilivamia shamba, wakamchukua yeye na mama yake, Mary. Bwana Carver alituma mtu kuwatafuta. Mtoto akapatikana, lakini mama yake hakuonekana tena. Mwaka 1865 utumwa ukakomeshwa, na Moses na mkewe Susan wakamlea George pamoja na ndugu yake Jim.

George alikuwa dhaifu wa mwili, wala hakuiweza kazi nzito ya shamba. Kwa hiyo alifundishwa kupika, kufua na kushona. Kila alipopata nafasi aliingia mwituni, akachimbua mimea na kuipanda katika bustani yake mwenyewe. Majirani walipoona maua yao yananyauka walimletea, naye akayatunza hata yakapona. Basi wakamwita tabibu wa mimea.

Mtoto huyo alitamani sana elimu, lakini shule iliyokuwa karibu haikupokea watoto weusi. Ndipo akaenda kwa miguu hata mji wa Neosho, mwendo wa maili 8 hivi. Huko alipokewa na Andrew na Mariah Watkins, akawa akifanya kazi za nyumbani kwao na kusoma. Baadaye alitangatanga katika jimbo la Kansas, akipata riziki yake kwa kupika na kufua nguo za watu. Aliomba nafasi katika chuo kimoja, akakubaliwa kwa barua. Lakini alipofika, na wakuu wa chuo kuona ya kuwa ni mtu mweusi, walimfukuza mlangoni.

Miaka ikapita, naye hakukata tamaa. Mwaka 1890 aliingia chuo cha Simpson katika jimbo la Iowa, akajifunza kuchora na kupiga kinanda. Mwalimu wake, Bibi Etta Budd, alipoona jinsi alivyochora maua, alimshauri ajifunze elimu ya mimea katika chuo cha kilimo cha Ames, ambako baba yake alikuwa mwalimu. Akaenda mwaka 1891, akawa mwanafunzi mweusi wa kwanza katika chuo hicho. Mwanzoni hakuruhusiwa kula pamoja na wenzake. Walakini aliendelea na masomo yake kwa bidii, hasa habari za kuvu na magonjwa ya mimea, akifundishwa na Bwana Louis Pammel. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, akapewa na kazi ya kufundisha hapo hapo.

Sasa alikuwa na kazi ya heshima na vyombo vyote vya kufanyia majaribio. Ndipo ikamjia barua ya Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha watu weusi cha Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Bwana Washington, ambaye naye alizaliwa mtumwa, alimwomba aje kuwafundisha watu wake kilimo. George alijua ya kuwa huko hakuna utajiri. Lakini aliamini ya kuwa Mungu amempa elimu ili awafae wenzake, akakubali. Alipofika hakukuta vyombo, basi aliwapeleka wanafunzi majalalani kuokota chupa, mikebe na vipande vya chuma, wakavitumia.

Watu wa Alabama walipanda pamba mwaka hata mwaka, hata udongo ukachoka. Wengi walilima mashamba ya wengine, na wenye mashamba walitaka pamba tu. Mavuno yalikuwa haba, madeni mengi, na watoto walikuwa na njaa. Carver aliwafundisha kubadilisha mimea: mwaka mmoja pamba, mwaka mwingine kunde au karanga. Katika mizizi ya mimea hiyo mna vinundu, na ndani yake hukaa vijidudu ambavyo huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuifanya chakula cha mmea. Na mizizi na majani yakioza, udongo hupata nguvu. Aliwafundisha pia kupanda viazi vitamu, na kutumia majani yaliyooza na matope ya vinamasi kuwa mbolea, maana mbolea ya dukani hawakuweza kuinunua.

Wakulima wengi hawakuweza kuja chuoni, basi chuo kikawaendea. Mwaka 1906 lilitengenezwa gari la kukokotwa na nyumbu, likabeba majembe, mbegu na vyombo hata vijijini, na watu wakaonyeshwa kazi kwa macho yao. Carver aliandika na vijitabu vya maneno mepesi. Kimoja cha mwaka 1916 kilieleza njia 105 za kupika karanga. Miaka hiyo mdudu mmoja aliingia Alabama, akala vitumba vya pamba, na waliotegemea pamba peke yake wakapata hasara kubwa.

Mwaka 1921 Carver aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza habari za karanga. Alipewa dakika 10, lakini wabunge walipendezwa, wakamwongezea muda. Sifa zake zikaenea. Wako wadhaniao ya kuwa yeye ndiye aliyebuni siagi ya karanga, lakini sivyo. Na vitu vingi alivyovitengeneza kwa karanga havikupata kuuzwa madukani. Kazi yake kubwa ilikuwa kumfundisha maskini kuulisha udongo ili udongo umlishe yeye.

Alikaa Tuskegee miaka 47 karibu, wala hakuoa, wala hakujali mali. Akiba yake aliitoa ili kazi ya utafiti iendelee. Alikufa tarehe 5 Januari 1943, akazikwa chuoni, kando ya kaburi la Booker T. Washington.