Madirisha 45 ya Stoneleigh

Mwaka wa pili tulipopewa riwaya ya Mansfield Park kwenye kozi ya fasihi, nilinung'unika kama wenzangu wote. Waingereza wanakunywa chai, wanatembea bustanini, mwisho wanaoana. Mimi inanihusu nini? Nikasoma ili nifaulu, nikafaulu, nikasahau. Sasa nimerudi kwa mwandishi wake, Jane Austen, na kilichonirudisha si mapenzi wala ndoa. Ni nyumba.

Nyumba yenyewe ni Stoneleigh Abbey, iko Warwickshire, katikati ya Uingereza. Ilianza karne ya 12 kama makazi ya watawa. Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, ikaishia kwa matajiri, na tangu karne ya 16 ikawa ya ukoo wa Leigh. Miaka ya 1990 ukoo uliikabidhi kwa wakfu, ikakarabatiwa, na sehemu kubwa ikagawanywa kuwa makazi ya watu. Leo kuna familia zinazolala humo na funguo zao mfukoni, na wageni wanatembezwa kwenye vyumba vikubwa vilivyobaki. Mimi nataka kuizungumzia ilivyokuwa Agosti 1806, siku Jane alipofika na mama yake na dada yake Cassandra.

Tujue kwanza alifika akiwa nani. Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1775 katika kijiji cha Steventon, Hampshire, mtoto wa saba kati ya wanane. Baba yake, George Austen, alikuwa mchungaji, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya kanisa, si yake. Alipostaafu, mwaka 1801, wakahamia mji wa Bath. Kijana Harris Bigg-Wither, mrithi wa nyumba kubwa ya Manydown, akamposa Desemba 1802. Jane alikuwa amebakiza wiki mbili tu atimize miaka 27. Akakubali jioni. Asubuhi yake akakataa! Hebu fikiria kifungua kinywa cha siku ile. Mwaka 1803 akauza mswada wa riwaya kwa pauni 10, mchapishaji akaulaza kabatini bila kuuchapa. Januari 1805 baba akafariki, na posho yake ikafa naye. Kina kaka wakachanga, lakini kwa mwaka mzima fedha za wanawake wale watatu hazikufika pauni 500. Wakawa wa kuhamahama, vyumba vya kupanga huku, kwa ndugu kule.

Basi walikuwa Adlestrop, kwa mchungaji Thomas Leigh, binamu ya mama yao, habari zilipokuwa bado mbichi kwamba Mary Leigh, mwenye Stoneleigh, amefariki mwezi Julai bila mtoto. Urithi ukamwangukia mchungaji yule mzee. Akaondoka haraka kwenda kuikalia kabla wengine hawajaamka, na wageni wake akawabeba. Nadhani kila mwenye ukoo mkubwa anajua safari ya namna hiyo.

Mama yake Jane aliandika barua kwa mkwewe akieleza waliyoyaona, na barua hiyo imehifadhiwa. Mama huyu ananifurahisha kuliko mtu yeyote katika habari hii. Alihesabu madirisha ya mbele: 45, safu tatu za madirisha 15. Akahesabu vyumba vya kulala: 26 katika upande mpya peke yake. Akaandika chakula cha asubuhi: chokoleti ya kunywa, kahawa, chai, keki za aina mbili, mikate ya moto na ya baridi, na yeye mwenyewe akala tosti kavu. Akaona chumba chenye kitanda cha mahameli nyekundu iliyokolea, akaona kinatisha. Walipotea ndani ya nyumba mara nyingi hivi kwamba alimshauri mwenyeji aweke vibao vya kuonyesha njia kwenye kona. Huo ni utani wa mtu asiye na nyumba, na mimi hauniishi.

Jane naye alikuwa anatazama. Ndani ya nyumba kulikuwa na kanisa dogo la familia, lisilo na madoido mengi, lenye mito myekundu juu kwenye roshani. Miaka minane baadaye, mwaka 1814, ikatoka Mansfield Park, na humo kuna vijana wanaotembezwa katika nyumba kubwa iitwayo Sotherton. Fanny Price, msichana maskini anayelelewa kwa hisani ya jamaa, anaingia kanisa la nyumba ile na kuvunjika moyo kwa jinsi lilivyo la kawaida. Wasomaji wengi wanaamini lile ni la Stoneleigh. Kumbe sura niliyoiruka nikitafuta posa iko wapi ndiyo yenye mambo.

Na urithi je? Mjomba wake Jane, James Leigh Perrot, ambaye tayari alikuwa na mali na hakuwa na mtoto, alikuwa na dai lake. Akalipwa pauni 24,000 na posho ya pauni 2,000 kila mwaka ili aliachie. Dada yake na wapwa zake wawili, waliokuwa wamelala ndani ya nyumba yenyewe, hawakupata kitu. Mwaka uleule wakaenda Southampton kubanana na kaka yao Frank, aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa.

Paa la kueleweka lilipatikana mwaka 1809, pale kaka yao Edward, aliyelelewa na ndugu matajiri, alipowapa nyumba ndogo Chawton. Hapo ndipo Jane alipotulia, na vitabu vikaanza kutoka mfululizo kuanzia 1811, bila jina lake juu ya jalada. Pride and Prejudice aliiuza moja kwa moja kwa pauni 110. Mapato yake yote ya uandishi hadi anakufa yalizidi kidogo pauni 600.

Machi 1817 mjomba akafariki. Familia ikasubiri wosia kwa matumaini. Mali yote ikaenda kwa mkewe. Wapwa wakaandikiwa pauni 1,000 kila mmoja, za kupokewa mke huyo akishakufa. Jane alikuwa tayari mgonjwa, na habari ile ikamzidishia. Alifariki Winchester tarehe 18 Julai 1817, ana miaka 41. Jiwe la kaburi lake katika kanisa kuu la mji huo linamtaja baba yake na tabia njema za marehemu. Vitabu halivitaji.

Stoneleigh siku hizi kuna ziara ya wageni kwa ajili yake. Ya mjomba sijaisikia.