Lord Durham: Mjumbe wa miezi mitano aliyeunganisha Kanada mbili

JOHN George Lambton, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lord Durham, alikaa nchini Kanada kwa miezi mitano tu. Hata hivyo, ripoti aliyoiandika baada ya safari hiyo iligeuza namna Uingereza ilivyotawala makoloni yake ya walowezi.

Alizaliwa jijini London mnamo Aprili 12, 1792, katika ukoo uliotajirika kwa machimbo ya makaa ya mawe. Alifiwa na babake mwaka wa 1797. Alipoingia bungeni mwaka wa 1813, kinyume na matarajio ya wengi wa tabaka lake, alijiunga na waliodai mageuzi, na watu wakambandika jina la Radical Jack.

Mwaka wa 1816 alimwoa Louisa, bintiye Earl Grey. Grey alipotwaa uwaziri mkuu mwaka wa 1830, Durham aliingia katika baraza la mawaziri, akawa miongoni mwa waliotayarisha Sheria ya Mageuzi ya 1832. Sheria hiyo ilifuta maeneobunge yaliyokuwa na wapigakura wachache mno na kuipa miji ya viwanda wabunge wake.

Wakati huo Kanada ilikuwa makoloni mawili makuu katika bonde la mto St. Lawrence. Kanada ya Chini, ambayo leo ni kusini mwa Quebec, ilikaliwa zaidi na Wakatoliki wasemao Kifaransa. Kanada ya Juu, leo kusini mwa Ontario, ilikuwa ya wasemao Kiingereza. Kila koloni lilikuwa na bunge la kuchaguliwa, lakini gavana na mabaraza ya wateule waliweza kupuuza matakwa ya wabunge. Mwaka wa 1837 London ilimruhusu gavana wa Kanada ya Chini kutumia fedha za umma bila idhini ya bunge. Mwishoni mwa mwaka huo maasi yalizuka kotekote, Louis-Joseph Papineau akiwa kiongozi wa upinzani upande wa Chini na William Lyon Mackenzie upande wa Juu. Yote yalizimwa kwa mtutu wa bunduki.

Durham aliwasili Quebec Mei 1838 akiwa Gavana Mkuu mwenye mamlaka ya kuchunguza chanzo cha ghasia hizo. Badala ya kuwafikisha wafungwa mbele ya mahakama ambazo huenda zingewanyonga au kuwaachilia wote, aliwahamishia wanane Bermuda na kuwasamehe wengi. Wapinzani wake London walidai kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu ya Bermuda, na serikali iliyomtuma ikaibatilisha amri yake. Alijiuzulu kwa hasira, akaondoka Novemba 1. Siku chache baadaye maasi yalizuka tena Kanada ya Chini, na safari hii watu 12 walinyongwa.

Ripoti yake, iliyowasilishwa Februari 1839, ilikuwa na mapendekezo mawili makuu. La kwanza, mambo ya ndani ya koloni yaendeshwe na mawaziri wanaoungwa mkono na wabunge wengi. La pili, makoloni hayo mawili yaunganishwe ili Wafaransa wamezwe na Waingereza kwa lugha na desturi.

Mwamba ngoma huivutia kwake. London ililiahirisha pendekezo la kwanza na kulikumbatia la pili. Sheria ya Muungano ya 1840 ilizipa pande zote viti 42 kila mmoja, ingawa Kanada ya Chini ilikuwa na watu wengi zaidi. Madeni makubwa ya Kanada ya Juu yakawa ya wote, na Kifaransa kikaondolewa katika kumbukumbu rasmi za bunge. Durham hakuyaona matokeo. Alifariki kwa kifua kikuu katika kisiwa cha Wight mnamo Julai 28, 1840, siku tano baada ya sheria hiyo kuidhinishwa, akiwa na umri wa miaka 48.

Muungano wenyewe ulianza Februari 1841, lakini haukuwameza Wafaransa. Kiongozi wao, Louis-Hippolyte LaFontaine, alipokosa kiti mwaka huo, mwanamageuzi asemaye Kiingereza Robert Baldwin alimtafutia kingine karibu na Toronto, na wapigakura wasemao Kiingereza wakamchagua. Ushirikiano wao ndio uliozaa, mwaka wa 1848, serikali iliyowajibika kwa bunge kama Durham alivyopendekeza. Mwaka huo huo marufuku ya Kifaransa iliondolewa.

Pendekezo lililokataliwa likawa msingi wa utawala wa Kanada, na lile lililokubaliwa likaporomoka. Shirikisho lilipoundwa mwaka wa 1867, Quebec na Ontario zilitenganishwa tena, kila moja ikiwa na bunge lake. Mwaka wa 1969 sheria ilikifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi ya serikali ya Kanada, sawa na Kiingereza.