Krapf na daftari lake: funzo nililolipata Nunguni

Mimi ni mtu wa Mvita, lakini riziki imenileta Nunguni, kwenye baridi ya milima ya Kilungu, Makueni. Nauza leso. Kikamba sikufunzwa na mtu, nimekiokota sokoni. Mbemba ni mahindi, mboso ni maharagwe, mbua ni mvua. Siku niliyolijua kila neno siikumbuki. Ndipo hunijia fikra ya mtu aliyeyafuata maneno kwa kusudi, kutoka kwetu Mombasa hadi huku Ukambani: Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa 1810 huko Derendingen, Ujerumani. Alikuwa mmishonari. Kabla ya kuja kwetu alikaa Habeshi, akajifunza Kiamhari na Kioromo. Mwaka 1844 alifika Mombasa na mkewe, Rosine. Julai ya mwaka huohuo mke akafariki, na mtoto wao mchanga wa kike naye akafa. Mwengine angerudi kwao. Yeye alibaki, na kitabu cha Mwanzo alichokuwa ameanza kukitafsiri kwa Kiswahili akaendelea nacho, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa.

Mwaka 1846 mwenzake Rebmann alimfuata, wakakaa Rabai. Kutoka huko Krapf alikuja Ukambani mara mbili. Mwaka 1849 alipita Kikumbulyu, upande wa Kibwezi, akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Tarehe 3 Desemba aliuona Mlima Kenya. Jina lake alilipata vinywani mwa Wakamba, akaliandika kama alivyolisikia. Mwaka 1850 alichapisha orodha ya maneno ya lugha sita, Kiswahili na Kikamba zikiwemo.

Safari ya pili, 1851, msafara ulishambuliwa karibu na mto Tana na Kivoi akauawa. Krapf alipotea porini peke yake, akabeba maji ndani ya mitutu ya bunduki yake. Naamini siku kama hizo nazo zilimfunza maneno. Mwenye kiu hafungui daftari, lakini neno la maji halisahau tena.

Alituacha 1853. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa Korntal, Ujerumani. Humo mna Kimvita cha babu zetu, na maneno mengi yamewekwa ndani ya sentensi, kama watu walivyoyasema. Ndiyo maana naona kuuliza na kuishi vilimfaa vyote viwili: la kuulizwa huandikika, la kuishi nalo hukaa moyoni.

Dini yake si yetu, wala hakuja kutuhifadhia lugha. Lakini tuseme kweli: sisi wenyewe Kimvita tulikipata jikoni, barazani na pwani kwa wavuvi, bila kukusudia. Na kitu ulichokipata bila kukusudia, huoni kikiondoka. Mgeni alijua kwamba neno linaweza kumponyoka, kwa hivyo akaliandika. Sisi tuliona letu litakuwepo daima.

Juzi nilimpigia simu mjukuu wangu Mombasa, nikamwambia asisimame ndiani. Akaniuliza ndia ni nini. Nikamwambia ni njia. Akacheka, akafikiri nimeshaharibiwa na Kikamba. Sikucheka naye. Neno hilo mimi nililiokota kwa mamangu, lakini yeye hana pa kuliokota, kwa sababu nyumbani kwao halisemwi tena.

Kwa hivyo nimenunua daftari. Kila jioni nikifunga duka naandika maneno matano ya kwetu: ndia, mato, matozi, kuteka, tini. Nikishuka Mombasa nitampa, lakini daftari peke yake halitoshi. Nitakaa naye barazani, niyaseme mpaka ayazoee, asikumbuke tena aliyajua lini.