ELIE METCHNIKOFF: MTETEZI WA MAZIWA LALA

Likizo ya Aprili iliyopita nilimkosea heshima kogo wangu. Nilikuwa nimetoka kuchuma majani chai pamoja na ndugu zangu, njaa inaniuma kweli kweli. Kogo akaleta ile sotet yake ya siku nyingi, akanimiminia mursik kikombe tele. Nikakataa. Nikamwambia ati jirani yetu, aliyezikwa Februari baada ya kushindwa kumeza hata uji, aliuawa na hiyo hiyo mursik. Kogo hakunijibu. Alikiweka kikombe mezani, akatoka nje, nami nikabaki na aibu yangu.

Shule zilipofunguliwa nilikwenda maktaba kutafuta ukweli, maana kuuliza si ujinga. Huko nikakutana na mtu ambaye maisha yake nataka niwasimulie.

Elie Metchnikoff alizaliwa Mei 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi ya Ukrainia ya leo, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi. Alikuwa na akili kama moto. Chuoni alimaliza masomo ya miaka 4 kwa miaka 2 tu! Lakini maisha hayakumwonea huruma. Mkewe wa kwanza, Ludmila, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu hata ikabidi abebwe kwa kiti kwenda kanisani siku ya arusi. Alifariki mwaka 1873, na Metchnikoff nusura afe kwa majonzi. Baadaye alimwoa Olga, aliyeishi naye mpaka mwisho.

Mwaka 1882 walikuwa Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja jamaa zake wote walikwenda kutazama nyani wa sarakasi, yeye akabaki peke yake na hadubini yake. Alikuwa akitazama seli zikitembea ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wao hupenya mwanga kama kioo. Akajiuliza, je, seli hizi si askari wa mwili? Akachukua miiba ya waridi, akawachoma nayo. Usiku ule hakupata usingizi. Kulipokucha, alizikuta seli zimeizingira miiba kama siafu waliomzingira mende. Kumbe mwili una jeshi linalomeza adui! Kwa kazi hiyo ya kinga ya mwili alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Toka mwaka 1888 alifanya kazi Paris, katika Taasisi ya Pasteur. Na huko ndiko alikoanza mambo ya tumbo. Alitaka kujua kwa nini kipindupindu huua huyu kikamwacha yule. Hebu fikiri, alikunywa vijidudu vya kipindupindu yeye mwenyewe, na asiugue! Mtu mwingine aliyejitolea hakuugua pia, lakini wa tatu nusura afe. Metchnikoff akakata shauri kwamba bakteria wanaoishi tumboni ndio wanaoleta tofauti: wengine humsaidia adui, wengine humzuia.

Kisha akasikia habari za wakulima wa Bulgaria waliokunywa maziwa lala kila siku na kuishi miaka mingi. Mwaka 1905 Mbulgaria mmoja, Stamen Grigorov, alikuwa amemtambua bakteria anayegandisha maziwa hayo. Metchnikoff akafundisha kwamba uzee unaletwa na sumu za uozo katika utumbo mpana, na kwamba asidi ya maziwa lala huzuia uozo huo. Yeye mwenyewe akayanywa kila siku, na watu wengi Ulaya wakamfuata. Alifariki Paris tarehe 15 Julai 1916, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 71. Hakufika hata themanini.

Basi, alikosea? Mgala muue na haki umpe. Alikosea kuuona utumbo mpana kama jaa la takataka. Leo inajulikana kwamba wengi wa bakteria wa humo ni marafiki zetu: huchachusha makapi ya mboga na nafaka tusiyoweza kuyasaga, hutengeneza vitamini K, na huifundisha kinga ya mwili kazi yake. Lakini alipata katika jambo kubwa, kwamba afya yetu inahusiana na vijidudu tunavyoishi navyo.

Na mursik je? Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Bakteria wa asidi ndio wanaoigandisha ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa wa senetwet, na asidi hiyo huzuia vijidudu vingi vibaya. Lakini hamira za porini nazo huingia, zikatoa kileo kidogo. Mwaka 2013 watafiti waliopima mursik walikuta ndani yake asetaldehidi nyingi, kemikali inayohusishwa na saratani ya umio. Ugonjwa huo unasumbua sana Bomet, hata vijana. Hata hivyo, mursik si mshtakiwa wa pekee. Pombe na tumbaku zimo, na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikaleta saratani ya umio. Sisi wa nchi ya chai, tunaoinywa ikifuka moshi, tusikie hapo!

Kwa hivyo nilimhukumu kogo kabla ya kusikiliza kesi. Nilipokwenda nyumbani katikati ya muhula nilimwomba radhi, nikamsimulia habari za Metchnikoff. Alicheka sana kusikia mzungu alisifiwa kwa kunywa maziwa lala. Tukapatana: mursik inywewe mapema, kabla haijakaa mno, na chai ingoje ipoe kwanza. Kisha akanimiminia nusu kikombe, nami nikanywa.

Wenzangu, tusidharau vya wazee, wala tusivifuate kwa macho yaliyofumbwa. Tuvichunguze, kama alivyofanya yule mzee.